Visikizi vipya visivyo na waya: pima ulivyonavyo kabla ya kutoa hela

Kila toleo jipya likitoka, maswali yanarudi yale yale. "Ninazo AirPods Pro za kwanza, nichukue za tatu?" "Galaxy Buds zangu haziishi na chaji kama zamani, ninunue nyingine?" "Nimeona zenye LDAC (njia ya kurusha sauti ya ubora wa juu kwa Bluetooth) kwa bei nzuri, ni bora kuliko zangu?" Mwongozo huu unakupa njia ya kujijibu mwenyewe ndani ya siku tatu, kabla hujagusa akiba yako.

Jibu halimo kwenye namba ya toleo. Limo kwenye mambo matatu yanayopimika ukiwa nyumbani: betri yako imebakiza saa ngapi, simu yako inaweza kutumia kitu gani, na ni kero ipi hasa unataka ikuondokee. Kuna la nne ambalo watu hulisahau, nalo ni uchafu. Visikizi vingi vinavyodhaniwa vimekufa vimeziba tu.

Hapa neno "visikizi" ni vile vidogo viwili vya kuchomeka masikioni, vinavyokaa kwenye kasha la kuchajia. Mtaani wengi huviita AirPods hata kama si vya Apple.

Andaa vitu hivi kwanza

- Visikizi vyako na kasha lake, vyote vikiwa na chaji 100%.
- Simu unayoitumia kila siku. Usiazime yenye nguvu zaidi, maana matokeo hayatakuhusu.
- Faili la sauti la saa moja au zaidi lililohifadhiwa ndani ya simu. Ukipima kwa kusikiliza mtandaoni, bando likiisha katikati kipimo chote kimeharibika.
- Mswaki mpya wenye nywele laini, vijiti vya pamba, kitambaa laini kisichoacha manyoya, na alkoholi ya isopropili ya 70% kutoka duka la dawa. Matone machache yanatosha.
- Karatasi, kalamu na saa.

Hatua ya 1: Andika kero, usiandike hamu

Andika kwa sentensi kamili ni nini kinakusumbua, wapi na saa ngapi. "Vimezeeka" haisaidii. "Vinazima nikiwa bado kwenye daladala kutoka Mbagala kwenda Posta" inasaidia. "Mtu ninayempigia hanisikii nikiwa juu ya bodaboda" inasaidia pia. Mwisho wa mwongozo kila kero itapata jibu lake, na majibu hayo hayafanani.

Chini ya kero andika namba moja: mkupuo wako mrefu kuliko yote. Ni dakika ngapi unakaa na visikizi masikioni bila kuvirudisha kwenye kasha? Kwa anayesafiri mjini huenda ni dakika 90. Kwa anayehariri video au anayejibu simu za wateja huenda ni saa nne. Hii ndiyo namba itakayoamua suala la betri. Zile "saa 30" zilizoandikwa kwenye boksi zinajumlisha chaji ya kasha, hazisemi visikizi vyenyewe vinadumu muda gani sikioni.

Kama umekaa na kalamu na hakuna kero iliyokuja, umeshapata jibu.

Hatua ya 2: Safisha, halafu sikiliza upya

Fanya hivi hata kama unaona ni visafi. Nta ya sikio hukauka juu ya wavu mdogo wa kutolea sauti na kuwa kama gundi ngumu. Upande mmoja hushuka sauti, besi hupotea, na visikizi vyenye kipunguza kelele (vinavyofuta kelele za nje kwa msaada wa maiki) huanza kutoa mluzi au mngurumo kwa sababu maiki za ndani zinapokea sauti iliyopotoka.

1. Vua vipira vya silikoni. Vivute taratibu kwa kushika shingo yake, usishike kwenye ukingo mwembamba. Vioshe kwa maji pekee, uvikaushe kabisa.
2. Shika kisikizi wavu ukitazama chini, upige brashi kavu kwa mizunguko midogo kama sekunde 30. Wavu ukitazama juu, uchafu unausukuma ndani.
3. Piga brashi pia vitundu vya pembeni. Baadhi ni maiki, vingine ni vya kupumulia, na vikiziba besi hubadilika.
4. Lowesha kijiti cha pamba kwa alkoholi, kikamue kibaki na unyevu tu, ufute vile vidoti vya chuma kwenye kisikizi na pini zilizomo ndani ya kasha. Jasho huacha chumvi hapo. Ndiyo sababu ya ule ugonjwa maarufu: umeweka vyote kwenye kasha usiku, asubuhi upande wa kushoto una 100% na wa kulia una 0%.
5. Piga brashi tundu la chaji la kasha. Vumbi la mfukoni hujishindilia humo mpaka waya hauingii hadi mwisho.
6. Acha vikauke saa mbili nje ya kasha.

Tahadhari: usitumie sindano, pini wala kijiti cha meno kwenye wavu. Utautoboa, na wavu uliotoboka haurudi. Usipulize kwa mashine ya upepo ya fundi, usinyonye kwa mdomo, na usimimine alkoholi moja kwa moja.

Angalia vipira pia. Silikoni iliyolegea au kuchanika haizibi sikio, na sikio lisipozibwa huna besi wala upunguzaji wa kelele, hata kama visikizi ni vya bei kubwa kuliko vyote dukani. Badilisha vipira kwanza. Jaribu pia saizi tofauti kwa kila sikio, kwa sababu masikio ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani.

Hatua ya 3: Vunja muunganisho, uanze upya

1. Futa visikizi kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, na kwenye kila kifaa kingine kinachovijua: kompyuta, runinga, simu ya zamani iliyolala kabatini.
2. Virejeshe kwenye hali ya kiwandani. Kwa AirPods zenye kitufe nyuma ya kasha, viweke ndani, fungua kifuniko, bonyeza kitufe kama sekunde 15 hadi taa imulike rangi ya kaharabu kisha nyeupe. Kwa vingine fuata karatasi iliyokuja navyo.
3. Unganisha tena na simu moja tu.
4. Sasisha programu ya ndani. Galaxy Buds husasishwa kupitia programu ya Galaxy Wearable, na Sony kupitia Sound Connect. AirPods hazina kitufe cha kusasisha: ziweke kwenye kasha, kasha liwe kwenye chaji karibu na iPhone iliyounganishwa na intaneti, uziache nusu saa au zaidi.
5. Fungua mipangilio ya ufikivu (Accessibility) ya simu uangalie mizani ya sauti ya kushoto na kulia. Ikiwa imesogea kidogo tu, utaamini upande mmoja umekufa.

Sasa rudi kwenye karatasi. Kero zilizoisha zikate. Si ajabu karatasi ikabaki tupu hapa.

Hatua ya 4: Pima betri kwa saa

Hapa usiharakishe, maana betri ndiyo inayozeeka kweli. Betri ya kisikizi ni ndogo mno. Ya AirPods Pro za kwanza ni takriban wati-saa 0.16, ilhali betri ya simu ya mAh 4,000 ni kama wati-saa 15, yaani karibu mara mia. Kinachopungua taratibu kwenye simu, kwenye kisikizi kinapungua mbele ya macho yako. Kila mzunguko wa chaji unaila, na joto linaila zaidi. Kasha lililoachwa kwenye dashibodi ya gari jua likiwaka linapoteza maisha ambayo hutayarudisha.

1. Chaji hadi 100%, andika saa ya kuanza.
2. Weka sauti nusu. Weka kipunguza kelele katika hali unayotumia kila siku: kama huwa kimewashwa, kiwashe.
3. Cheza lile faili kwa kurudiarudia. Acha vyote viwili masikioni, au zima kitambuzi cha sikio ili visijizime vikiwa mezani.
4. Andika dakika ambayo kila upande umezima. Usiandike wastani, andika kushoto na kulia.
5. Rudia siku ya pili. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya dakika 20, fanya cha tatu.

Linganisha na muda uliotangazwa na mtengenezaji vikiwa vipya. Kipunguza kelele kikiwa kimewashwa: AirPods Pro za kwanza (2019) ni saa 4.5, Pro 2 (2022) saa 6, Pro 3 (2025) saa 8. Galaxy Buds2 Pro ni saa 5, Buds FE saa 6, Buds3 Pro saa 6. Sony WF-1000XM4 na XM5 zote ni saa 8. Kwa vingine, angalia boksi au tovuti ya mtengenezaji, na uhakikishe namba unayosoma ni ya visikizi pekee bila kasha.

Namna ya kusoma matokeo:

Kipimo kikizidi 70% ya muda wa upya, betri si sababu ya kununua. Kati ya 50% na 70%, kitazame pamoja na mkupuo wako mrefu. Tuseme AirPods Pro za kwanza zimetoa dakika 150 badala ya 270. Hiyo ni 56%, inasikika vibaya, lakini kama mkupuo wako ni dakika 90 bado unazo za kukutosha. Kanuni tunayoipendekeza: betri iuzidi mkupuo wako kwa angalau theluthi moja, kwa sababu simu za sauti hula chaji haraka kuliko muziki na betri itaendelea kushuka. Chini ya 50%, anza kupanga, maana kushuka kutoka hapo huwa kwa kasi.

Upande mmoja ukizima mapema sana kuliko mwingine, dakika 60 dhidi ya 150 kwa mfano, tatizo ni la upande huo peke yake. Mara nyingi ndio ulikuwa unabeba maiki wakati wa simu. Angalia hatua ya 7 kabla ya kununua seti nzima.

Kosa la kawaida: kusoma asilimia kwenye skrini ukadhani umepima. Asilimia hiyo ni makadirio, na betri iliyochoka huruka kutoka 40% hadi kuzima ndani ya dakika chache. Saa ya ukutani haina makadirio.

Hatua ya 5: Uliza simu yako inaweza nini

Visikizi haviwezi kuipita simu inayovilisha sauti. Bluetooth hubana sauti kabla ya kuirusha, na njia ya kubana huitwa kodeki. Simu na visikizi lazima vijue kodeki ile ile. Visipoelewana, vinarudi SBC ambayo kila kifaa kinaijua.

Una iPhone? Inarusha SBC na AAC. Visikizi vyenye kodeki za LDAC au aptX vitafanya kazi, lakini kwa AAC, na ile LDAC uliyoilipia haitawaka hata siku moja. Una Android kuanzia toleo la 8? LDAC ipo kwenye nyingi, nayo hufika kilobiti 990 kwa sekunde, ingawa mahali penye msongamano wa mawimbi itakatikakatika na utaishusha mwenyewe. Kodeki maalumu ya Samsung hufanya kazi kwenye simu za Samsung. AirPods kwenye Android hugeuka visikizi vya kawaida: muziki na simu vipo, lakini hakuna kusasisha programu ya ndani wala kubadili mipangilio kwa urahisi. Mwenye Android anayeweka akiba ya AirPods tunamwambia waziwazi asinunue. Kwa bei hiyo kuna vingi vitakavyomtumikia vizuri zaidi.

Namba ya Bluetooth nayo huwasumbua watu bure. Kutoka 5.0 kwenda 5.3 hakuongezi ubora wa muziki unaousikia, na vifaa vya namba tofauti huungana bila shida. Kinachobadilisha mambo ni LE Audio, njia mpya ya Bluetooth ya kurusha sauti, yenye kodeki ya LC3. Android imeanza kuitambua yenyewe kuanzia toleo la 13, lakini chipu ya simu nayo lazima iiweze. Ingia kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu yako utafute swichi yake. Kama haipo, usilipie visikizi kwa sababu hiyo.

Jambo linalohusu simu za sauti, kwa sababu malalamiko hapa ni mengi: mara tu maiki inapowashwa, Bluetooth ya kawaida huacha njia ya muziki na kuhamia njia ya simu, ambayo sauti yake huchukuliwa kwa kilohezi 8 au 16 tu. Ndiyo maana muziki unasikika kama redio ya zamani ukiwa kwenye mkutano wa mtandaoni. Visikizi havijaharibika, na vipya vya njia ile ile vitafanya hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Tenga kilichobadilika kweli na kilichobadilishwa jina

Kutoka visikizi visivyopunguza kelele kwenda vinavyopunguza ni hatua kubwa. Utaisikia siku ya kwanza. Kutoka toleo moja la kupunguza kelele kwenda linalofuata ni hatua ndogo, mara nyingi ndogo kuliko faida ya kubadilisha vipira.

Elewa pia kipunguza kelele kinaweza nini. Kinaua mngurumo wa chini unaoendelea: injini ya basi, jenereta, feni, ndege. Honi, kelele za kondakta na mtoto anayelia vinapita, vimepungua tu. Faida yake iliyo kubwa ni kwamba hulazimiki kupandisha sauti kuishinda injini. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha usikilizaji salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli inayoongezeka inafupisha muda huo. Kama unasafiri saa mbili kila siku na sauti umeisukuma karibu na mwisho, kupata kipunguza kelele ni sababu halali ya kununua, pengine iliyo halali kuliko zote hapa.

Uwezo wa kustahimili maji husomwa kwa alama zinazoanza na IP: IPX4 inavumilia jasho na manyunyu, IP54 inaongeza kinga ya vumbi, IP57 inavumilia kuzama hadi mita moja kwa nusu saa. Kwa anayekimbia au anayefanya kazi penye vumbi tofauti hii ni ya kweli. Lakini kasha si lazima liwe na kinga hiyo hiyo, soma kwa makini.

Vingine vya kupimwa kwa maisha yako. AirPods Pro 3 zinapima mapigo ya moyo. Mwenye saa inayopima tayari hapati kipya. Kutafsiri mazungumzo papo hapo kulitangazwa sana mwaka 2025, ila lugha za kuanzia zilikuwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kireno na Kihispania. Kiswahili hakikuwemo, na tena kunahitaji iPhone 15 Pro au mpya zaidi. Na si kila kipya kinahitaji kununuliwa: kipimo cha usikivu kilizifikia AirPods Pro 2 kwa sasisho tu, Oktoba 2024, katika baadhi ya nchi. Sasisha kwanza, ndipo ulinganishe.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya mwezi

Chukua bei ya vipya, toa utakachopata ukiuza vya zamani, gawa kwa miezi utakayovitumia. Kwa visikizi vinavyotumika kila siku, weka miezi 30. Ukiweka 60 unajidanganya, betri haitafika huko ikiwa na nguvu.

Mfano: vipya Sh 180,000, vya zamani vinauzika Sh 40,000. Tofauti ni 140,000. Gawa kwa 30 unapata karibu Sh 4,670 kwa mwezi. Upande wa pili, seti ya vipira Sh 10,000 ikikupa miezi 10 zaidi na ulivyonavyo ni Sh 1,000 kwa mwezi. Weka bei za mahali ulipo. Uamuzi hujionyesha wenyewe, hasa ukikumbuka kwamba matoleo ya mwaka jana hushuka bei mapya yanapotoka.

Kabla ya kununua seti nzima fikiria njia mbili.

*Kununua upande mmoja au kasha pekee.* Inawezekana kwa AirPods na baadhi ya nyingine. Sharti ni toleo kulingana kabisa: kwa AirPods, soma namba ya modeli inayoanza na herufi A iliyoandikwa kwa maandishi madogo kwenye kisikizi, uilinganishe na ya unachonunua. Upande wa Pro 2 hauoani na wa Pro 1, hata kama kwa macho ni pacha. Baada ya kununua, weka vyote kwenye kasha, chaji, rudia hatua ya 3.

*Kubadilisha betri.* Galaxy Buds za 2019 na Sony WF-1000XM3 zina betri ya duara kama kifungo, na fundi mwenye mkono mtulivu anaweza. AirPods zimegundishwa, kuzifungua karibu kila mara ni kuziharibu. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka, kwa hiyo usimpe fundi anayeanza kujifunzia kwako. Na vikishafunguliwa, kinga ya maji uihesabu imekwisha.

Hatua ya 8: Ukiamua kununua, jaribu hapo hapo dukani

1. Nenda na simu yako ikiwa na chaji, ile ile ya hatua ya 5.
2. Vaa, tikisa kichwa, tafuna kama unakula. Kikitoka sasa kitatoka barabarani.
3. Toka nje ya duka, penye magari, umpigie mtu simu. Muulize yeye unasikikaje. Usijipime kwa masikio yako, maiki haikuhusu wewe.
4. Pata risiti yenye namba ya toleo na waranti iliyoandikwa.

Kuhusu feki, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli ya Nairobi au popote: dirisha la kuunganisha linaloibuka kwenye iPhone si ushahidi, feki nyingi zinalitoa. Namba ya mfululizo iliyo sahihi nayo haitoshi, maana hunakiliwa kutoka boksi halisi na kubandikwa kwenye maelfu. Linganisha namba tatu: ya kwenye boksi, ya ndani ya kifuniko cha kasha na inayoonekana kwenye mipangilio ya simu. Ziingize kwenye ukurasa wa Apple wa kuangalia waranti. Kama muuzaji anasema ni mpya na waranti imekwisha zamani, ondoka. iPhone yenye iOS 16 na kuendelea inaweza kukuonya kwamba haikuweza kuthibitisha kuwa AirPods ni halisi. Onyo hilo usilipuuze kwa maelezo ya muuzaji. Mwisho, washa kipunguza kelele karibu na feni au jenereta. Feki nyingi hutoa mlio wa kubadili hali, na mngurumo unabaki pale pale.

Ukinunua vilivyotumika, mwambie mwenyewe avitoe kwenye akaunti yake ya kutafuta vifaa mbele yako, uviunganishe na simu yako kabla ya kulipa. Asipoweza, huenda si vyake. Halafu pima betri kwa hatua ya 4 ndani ya siku mlizokubaliana za kurudisha. Kama hakuna siku hizo, bei ishuke.

Uamuzi kwa kila kero

Betri iko chini ya mkupuo wako, pande zote mbili: nunua. Upande mmoja tu: tafuta upande huo kwanza. Sauti ilikuwa hafifu ikarudi sawa baada ya usafi: baki na ulivyonavyo. Mngurumo wa barabarani na huna kipunguza kelele: nunua, na usihangaike na toleo jipya kabisa, la mwaka jana linatosha. Watu hawakusikii kwenye simu: jaribu kwanza visikizi vya rafiki mahali pale pale, kwa sababu juu ya bodaboda inayokimbia upepo unazishinda maiki nyingi sana. Unataka muziki ulio safi zaidi na simu yako haijui kodeki husika: weka akiba ya simu.

Mambo yanapokwama

*Vipya vinasikika vibaya kuliko vya zamani.* Kipira hakizibi. Panda saizi moja. Kama bado, zima kisawazishi cha sauti (equalizer) kwenye programu ya muziki; kilikuwa kimepangwa kwa vile vya zamani.

*Vinakatika ukiwa mjini, nyumbani viko sawa.* Bluetooth hutumia gigahezi 2.4 na mwili wa mtu hunyonya mawimbi hayo. Hamisha simu kutoka mfuko wa nyuma kwenda wa mbele. Kama unatumia LDAC, ishushe kwenye kipaumbele cha uthabiti wa muunganisho.

*Midomo na sauti kwenye mchezo wa simu havilingani.* Programu za video hurekebisha ucheleweshaji, michezo mingi haiwezi. Tafuta hali ya mchezo kwenye programu ya visikizi. Isipokuwepo, waya bado ni dawa.

*Upande mmoja hauchaji hata baada ya kufuta vidoti.* Badilishana: weka visikizi kwenye kasha la mtu mwenye toleo lile lile. Vikichaji, kasha ndilo bovu, na kasha pekee ni nafuu kuliko seti.

*Kasha linapata joto au limevimba.* Acha kulitumia leo. Usilichaji usiku karibu na godoro, usilitupe kwenye moto wa takataka. Lipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki au duka linalopokea betri chakavu.

*Sikio linawasha au lina majimaji.* Acha visikizi kabisa mpaka upone, muone mhudumu wa afya, na vipira uvitupe ununue vingine.

*Unauza vya zamani.* Vitoe kwenye akaunti yako, virejeshe kwenye hali ya kiwandani, weka vipira vipya, umwonyeshe mnunuzi ile karatasi yenye dakika za kushoto na kulia.